Kizibao cha Wanasema

Kule Katumba mbwa ni mlinzi wa mahindi, basi. Anakula ukoko, analala jivuni, na akivaa kitu shingoni kitu hicho ni kamba. Kwa hiyo siku Kalista, fundi cherehani, alipotokea barabarani na mbwa wake akiwa amemvika kizibao, watu waliacha kupalilia wakasimama kutazama. Na kizibao chenyewe hakikuwa kitambaa cha kufungiafungia. Mgongo ulikuwa mwekundu, wa kitambaa cha mwavuli. Ubavu ulikuwa wa bluu, umekatwa kwenye jinzi ya mtumba. Ndani kulikuwa na bitana ili mshono usimkwaruze, na kifuani vifungo vinne vya shaba, vya koti ambalo mwenyewe alifariki kabla hajaja kulichukua. Mama mmoja akasema mwisho wa dunia umekaribia. Mwenzake akamjibu kuwa huo ndio ujane, mtu akikosa wa kumvalisha anamvalisha mbwa.

Kalista aliyasikia yote, na wala hakujibu. Jibu lilikuwa linatembea mbele yake kwa miguu minne. Mbwa aliitwa Wanasema.

Maana kwa watu ambao wazazi wao walivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, kama wazazi wa Kalista, jina la mbwa si jina tu. Ni barua. Una neno lako kwa majirani na adabu inakuzuia kulitamka? Mpe mbwa. Kisha jioni, wakati kila mtu yuko uani kwake, unamwita kwa sauti ya juu. Nani atakushitaki? Umemwita mbwa wako tu, aje ale.

Huyu Wanasema alizaliwa upande wa pili wa wigo wa minyaa, kwa Rozalia. Walikuwa watoto wawili waliobaki kwenye mzao ule, wote wa rangi ya kahawa na kifua cheupe, wamefanana hadi kucha. Rozalia alimbakiza mmoja, mwingine akampa Kalista. Na mbwa hatolewi bure, kwao ni mwiko. Kalista alimpelekea jembe jipya lisilo na mpini, ili mtoto yule asahau alikozaliwa. Siku hiyohiyo wakakaa kutafuta majina. Kalista akasema wake ataitwa Wanasema, maana wamezidi kusema. Rozalia akacheka, akasema basi huyu wangu ni Waache.

Tangu siku ile ukawa mchezo wao. Kalista akiita jioni, "Wanasema!", upande wa pili wa wigo sauti inaitika, "Waache!", hata kama mbwa wote wawili wamelala jikoni hawana habari. Wanawake wazima, mmoja na miaka arobaini na minane, mwingine hamsini na kitu, wanacheka kama wasichana wanaoteka maji.

Na usidhani ulikuwa urafiki wa kucheka tu. Mume wa Kalista alipofariki, Rozalia alihamia kwake wiki mbili, akalala naye mkeka mmoja, akamlisha uji kwa kijiko. Msimu wa tumbaku walisuka majani pamoja, wakakesha bani moja la kukaushia majani baada ya jingine wakichochea moto. Audace, mtoto wa pekee wa Kalista, alipohamia Dar es Salaam, aliyemfuta mama yake machozi kituo cha basi alikuwa Rozalia. Ukimuuliza Kalista una ndugu wangapi hapa, alikuwa anamhesabu Rozalia kwanza.

Basi Wanasema akakua akiwa na vitu vyake. Kitanda chake kilikuwa gunia la tumbaku lililojazwa maganda ya mahindi, limeshonwa pembe nne. Koti la mvua alilipata kwenye mfuko wa mbolea, na maneno ya mfuko yakabaki mgongoni, hivyo masika mbwa alipita kijijini akitangaza mbolea ya kukuzia. Alikuwa na mkanda wa shingoni wenye vifuniko vya soda vinavyolia akitembea, na mpira wa soksi ambao Kalista alimrushia kila akimaliza nguo moja. Mbwa anauleta, anauweka kwenye pedeli ya cherehani, anasubiri. Wateja walianza kwa kucheka, wakaishia kuurusha wenyewe. Ila jambo moja lilishindikana: kumsahaulisha kwao. Kila alasiri alipenya tundu la wigo akaenda kwa ndugu yake, akala huko, akarudi tumbo limetuna. Kalista alizoea kusema jembe lake limeliwa bure.

Mwezi wa tisa bwana mifugo alikuja na dawa ya chanjo ya kichaa cha mbwa, akapanga meza yake uwanja wa shule. Kalista alimpeleka Wanasema na kizibao chake, akapita kwa Rozalia kumchukua na Waache. Waache akaingia chini ya ghala la mahindi, akatoa meno. Rozalia akasema mwache, huyu ni mbwa wa nyumbani, hazururi, tutampeleka mwakani. Kalista akabishana kidogo kisha akaacha, maana mbwa ni wa mwenyewe. Yeye alipewa kadi ya chanjo ya Wanasema, akaishonea mfuko wa nailoni ili isilowe, akaitundika ukutani karibu na picha ya Bikira Maria. Aliionyesha kwa kila mteja. Hiyo kadi ikumbuke.

Ijumaa moja mwezi wa kumi na moja, Rozalia alikuja amejifunga kanga kiunoni, ana haraka. Kesho yake wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti yake Emelyne. Watu wa Mpanda mjini, mmoja mwalimu, wengine sijui nani. Nyumba imepigwa chokaa, ua umefagiwa mara tatu, kuku wamechaguliwa. Alichotaka kwa Kalista ni kile kizibao. Alisema anataka Waache akivae, wakwe wakiingia waone kuwa hapa hata mbwa ni mbwa wa watu.

Kalista alifurahi jamani. Alikivua kwa Wanasema, akawasha pasi ya mkaa, akakinyoosha mpaka kwenye bitana. Akamfundisha Rozalia kufunga vifungo kuanzia chini. Wakaachana wakicheka. Jioni ile mbwa wa Kalista alilala uchi, kama mbwa wengine wa Katumba.

Asubuhi, saa mbili hivi, Kalista alikuwa anapuliza mkaa ili na yeye anyooshe nguo yake ya kwendea posa, akaona watu wanaingia uani. Mbele yuko Silvester, mwenyekiti wa kitongoji. Nyuma yake Manyanda, yule Msukuma anayeuza maziwa kwa baiskeli, anachechemea, suruali imepanda mpaka gotini na kitambaa kimelowa damu kwenye shavu la mguu. Nyuma yao kuna wale watu ambao hawakosekani penye jambo.

Silvester aliongea kwa taratibu. Alisema Manyanda amepita hapo barabarani alfajiri na maziwa yake, akarukiwa na mbwa. Mbwa wa kahawia, kifua cheupe. Amevaa kizibao chekundu chenye ubavu wa bluu. Hakuhitaji kuendelea. Katumba nzima kulikuwa na mbwa mmoja tu anayevaa.

Kalista hakuogopa hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye, jinsi alivyokuwa hana wasiwasi. Alimpa Manyanda pole. Kisha akawaambia Wanasema ametoka kulala naye ndani, mlango umefungwa kwa komeo, na kizibao hakipo hapa, nimemuazima Mama Emelyne jana kwa ajili ya wageni. Twendeni tukamuulize, alisema, ni hapo tu. Akatangulia yeye.

Kwa Rozalia turubai limeshafungwa, na wakwe wamewahi kuliko walivyotarajiwa. Wameketi kwenye viti vya kukodi, wanakunywa chai. Rozalia aliwatokea getini. Alivaa gauni la zambarau lenye mikono mirefu, aliloshonewa na Kalista mwenyewe, na juu yake ameuzungushia mkono wa kushoto kanga, ameibana kwapani, ingawa jua lilishaanza kuwaka. Waache hakuonekana. Kalista alimtabasamia kama mtu anayejua jibu la swali.

"Mama Emelyne," alisema, "waambie kizibao kiko kwako."

Rozalia alitazama chini. Akageuka kidogo, akawatazama wakwe, ambao walikuwa wameshaacha kunywa chai. Kisha akamtazama Kalista usoni.

"Mama Audace, mimi sijaazima kitu kwako."

Kalista alidhani amesahau. Kweli kabisa, kwa kitambo alidhani shughuli za ugeni zimemchanganya mwenzake, akaanza kumkumbusha: jana, jioni, pasi, vifungo vya kuanzia chini. Rozalia akamkatiza kwa sauti ya upole, ile ya kumwambia mgonjwa.

"Mbwa wako ni mbwa wako. Usinitafutie aibu siku ya wageni wangu."

Watu walicheka chini chini. Silvester akakohoa, akawaomba radhi wakwe, akamshika Kalista kiwiko kumrudisha kwake. Na huko ndiko alikokutana na la pili. Mmoja wa wale watu akaonyesha kidole: kizibao kilikuwa juu ya wigo wa minyaa, upande wa Kalista, kimelowa, kinadondosha maji. Kimetoka kufuliwa. Kalista hakukiona alipoamka, kwa sababu hakuwa na sababu ya kukitafuta kwake. Yule mama wa mwisho wa dunia akasema, mnaona, amekifua ili afiche damu. Hapo ndipo Kalista alipoelewa kuwa mwenzake hakusahau kitu. Alikuja alfajiri, akakiweka hapo kwa mikono yake, akarudi kuwapokea wakwe. Kalista alivuliwa nguo mbele za watu na mtu aliyemlisha uji kwa kijiko. Hakulia. Alikaa kwenye kiti cha cherehani.

Silvester akaingia ndani, akaitungua ile kadi ya chanjo ukutani, akaenda nayo na Manyanda zahanati. Nesi aliuliza kama mbwa amechanjwa. Akaonyeshwa kadi. Tarehe ni ya miezi miwili nyuma, muhuri upo, kila kitu kimenyooka. Akaosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, akamchoma Manyanda sindano ya pepopunda, akawaambia mbwa huyo afungwe, aangaliwe siku kumi. Akibadilika tu, Manyanda apelekwe Mpanda mbio akaanze sindano za kichaa. Asipobadilika, hakuna shida. Nesi hakukosea. Alipelekewa kadi ya mbwa ambaye hakumuuma mtu.

Wanasema akafungwa kwenye nguzo ya nyumba kwa mnyororo wa Silvester. Kalista alikaa siku moja na hasira yake, anaihesabu kama shanga. Lakini siku ya pili jambo lingine likaisukuma hasira pembeni. Manyanda. Kama aliyemuuma ni Waache, na Waache hakuwahi kuchanjwa, basi siku kumi zile watu wote walikuwa wanamwangalia mbwa asiyehusika, na mtu wa watoto sita anaendesha baiskeli yake huku anasubiri bure. Ugonjwa huo ukishatoa dalili hauna dawa. Hilo hata bwana mifugo alilisema pale uwanjani.

Akamfuata Manyanda kisimani, akamsihi akachome sindano, akamwambia aliyekuuma si wangu. Manyanda hakumtukana, ni mtu mpole. Alimwambia mama, kadi yako mwenyewe inasema nimepona, sasa wewe unataka niamini sijapona? Kwenda Mpanda mara nne mara tano, ng'ombe nitamwachia nani? Akasema anaelewa, kila mtu anamtetea mbwa wake. Ile kadi aliyoishonea nailoni, aliyoionyesha kwa kila mteja, ndiyo iliyomziba mdomo. Akaenda kwa Silvester. Silvester akasema bila ushahidi hawezi kumfungulia mtu kesi katikati ya posa ya binti yake. Akarudi nyumbani kijiji kizima kinamwona mwongo, na mwongo wa kumsingizia jirani.

Tangu Jumanne hakumsikia tena Waache. Jioni Wanasema alielekea wigo, mnyororo umekaza, akalia kwa sauti nyembamba, na upande wa pili kimya. Arcade, mume wa Rozalia, alimwambia mtu sokoni kuwa mbwa wamempeleka shamba la Mishamo kufukuza ngedere. Kalista alisikia, akashindwa kula. Na Rozalia? Rozalia alipita barabarani kila siku na ndoo yake, akiangalia mbele.

Jumamosi ikatimia siku ya saba. Mchana akaja Emelyne, yule bibi harusi mtarajiwa, na mfuko wa plastiki. Binti hakujua lolote. Siku ya posa alikuwa ndani amefungiwa kama desturi ilivyo, na ya nje alisimuliwa nusu. Alimwamkia Kalista kwa heshima, akamwambia mama analitaka gauni la zambarau kesho kanisani na mkono umechanika, amesema nilipeleke kwa fundi wa sokoni, lakini mimi nimeona nikuletee wewe, mama mdogo, nani mwingine atalishona vizuri? Alisema hivyo na kucheka. Kalista alipokea gauni. Kazi ni kazi.

Sasa, kila fundi ana mazoea yake, na ya Kalista ni kupekua mifuko kabla ya kugusa mshono. Ameshakuta humo rozari, meno ya bandia, barua za watu wasio wake zao. Binti alipoondoka, alitia mkono mfukoni. Akatoa kadi ya hospitali ya Mpanda, imekunjwa mara mbili, kama kitu kilichofichwa.

Aliigeuza, akaangalia kwanza mkono wa gauni. Matundu manne, mawili juu mawili chini, yamevutwa kuelekea kwenye kiganja. Fundi aliyemlea mbwa tangu mdogo haambiwi hayo ni meno ya nini. Mkono wa kushoto. Ule uliofunikwa kanga getini, jua linawaka.

Kisha akasoma. Jina la Rozalia. Kuumwa na mbwa, Jumamosi alfajiri. Sindano ya kwanza, Jumatatu. Ya pili, Alhamisi. Ya tatu, Jumatatu inayokuja. Na chini, kwa mwandiko wa daktari, mistari mitatu mifupi: mbwa wa nyumbani, hajachanjwa, amekufa Jumatano.

Kalista alisoma mistari ile mara nyingi, kidole kikiifuata. Alikuwa amejiandaa kwa uongo wa getini. Mtu akibanwa na wakwe anaweza kudanganya, uongo wa haraka, kesho yake akalia. Lakini hii ilikuwa na tarehe. Jumatatu Rozalia alipanda gari mpaka Mpanda, akakaa benchi, akaulizwa, akajibu ukweli wote. Kumbe ukweli aliujua. Aliusema Mpanda kwa ajili ya mkono wake, akarudi Katumba akampita Manyanda na madumu yake barabarani, akamwamkia. Jumatano akamzika mbwa. Alhamisi akaenda tena. Kalista alijikuta ameshika mkasi na hajui alikuwa anataka kukata nini.

Akautupa, akatoka mbio bila kanga begani.

Manyanda alikuwa kisimani anasuuza madumu. Alikausha mikono kwenye suruali, akaipokea kadi, akaisoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika ile mistari ya chini alikaa chini, pale pale kwenye matope.

"Alijua?" aliuliza.

"Tangu Jumatatu," Kalista alisema.

Kalista alimfuata Silvester, akamwekea kadi mkononi bila salamu. Silvester alisoma, akavua kofia, akaivaa tena, akatoa pikipiki yake. Kabla jua halijazama Manyanda alikuwa Mpanda anachomwa sindano ya kwanza, wiki moja imepita, lakini daktari alisema kabla ya dalili haijawa kuchelewa. Nikutoe wasiwasi: alizimaliza zote, na mpaka leo anapita na baiskeli yake anapiga kengele. Lakini kwa miezi mitatu iliyofuata mkewe kila alipomwona anasita kunywa maji, dalili ya ugonjwa ule, aliacha anachofanya na kumkodolea macho. Nani atamlipa yule mama usingizi wake?

Silvester alirudi akamfungua Wanasema kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya walewale watu, na akasema sisi wote tumekukosea. Kalista akamjibu kuwa nyie mlikosea kwa kutojua.

Usiku ule alishona, na asubuhi ya Jumapili akamalizia. Aliziba matundu manne kwa uzi wa zambarau, akapiga pasi, na ukilitazama gauni lile huwezi kujua lilipata nini. Akairudisha kadi mfukoni, iliporudi kutoka Mpanda. Baada ya misa akaenda kwa Rozalia kwa kupitia getini, kama mgeni.

Rozalia alikuwa uani anachambua maharage peke yake. Habari zilishamfikia. Alisimama, sinia likamwagika, akaanza kulia kabla hajasema neno. Kalista alimpa gauni.

"Kadi yako imo mfukoni. Kesho ni siku ya sindano yako, usiikose."

Rozalia alitaka kumshika mikono. Alisema wakwe walikuwa uani. Alisema Waache alikata kamba alfajiri, akamuuma mtu, na alipojaribu kumvua kizibao akamuuma na yeye, akachanganyikiwa, akafikiria Emelyne, akaona mbwa wako ana kadi, hatadhurika, na ikishatoka mdomoni ningeirudishaje?

"Ungekuwa wewe ungefanyaje, Mama Audace?"

Kalista alikuwa amekuja na maneno mengi, ameyapanga njia nzima.

"Kunivua nguo mbele za watu ningekusamehe," alisema. "Ningelia, ningekusamehe. Lakini ulijichoma sindano, Rozalia. Ukajichoma ya pili. Na yule ukamwacha anauza maziwa."

Miaka ishirini na mbili walikuwa wanaitana kwa majina ya watoto wao. Rozalia aliposikia jina lake likitamkwa kavu, alikaa chini juu ya maharage.

Posa haikuvunjika. Wakwe walisema binti hana kosa, na kweli hana. Rozalia na Arcade waliitwa kikao, wakamwomba Manyanda msamaha, na Manyanda akatoa, maana ni mtu wa namna hiyo. Kalista hakuhudhuria. Alikaa kwenye cherehani, akachukua wembe, akakifumua kizibao mshono kwa mshono: mwekundu huku, bluu huku, bitana kwenye mfuko wa viraka, vifungo vinne ndani ya kopo. Wanasema aliweka mpira wake wa soksi kwenye pedeli, akasubiri. Hakurushiwa siku ile.

Tundu la wigo alilizibia miiba. Lakini mbwa, mwambie nini? Jembe lilishindwa kumsahaulisha, miiba itaweza? Ilipofika alasiri alizunguka kwa barabarani, akaenda kukaa getini kwa Rozalia, mkia unafagia vumbi, anamsubiri ndugu yake atoke. Na Rozalia akitokea anamrukia kwa furaha, anamlamba mikono yote miwili, na ule wa kushoto. Kalista alikuwa akimwona kutoka kwake, na roho inamchoma kuliko siku ya posa. Alitamani mbwa yule ajue. Alitamani hata angalau amnunie.

Siku ya nne alikata kamba ya katani, ile ya kufungia tumbaku, akamfuata. Wanasema alikuwa amelala mbele ya geti lililofungwa, pua imeingia chini ya ubao. Kalista alisimama hatua kadhaa nyuma, hakutaka kusogea zaidi.

"Wanasema!" aliita.

Ndani ya ua kulikuwa na mlio wa kinu, ukanyamaza. Halafu sauti ikatoka nyuma ya ubao, ndogo, ya mtu anayeomba.

"Waache."

Kicheko cha zamani kilimpanda Kalista kooni chenyewe, kwa mazoea, kikafika hapo kikakwama. Macho yakamjaa maji. Aliinama, akavua ule mkanda wa vifuniko vya soda, akautia mfukoni, akamfunga mbwa kamba ya katani shingoni kama mbwa yeyote wa Katumba, akavuta. Wanasema alikaza miguu yote minne, akageuza kichwa kulitazama geti. Kalista akaizungusha kamba mkononi mara mbili, akamvuta hivyohivyo mpaka nyumbani.